Sukari Nisiyoila

Mollo, Sumbawanga
14 Januari 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba, hata kabla hujanisalimu. Sisi huku hatujambo. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika magotini, na ulezi umeshika vizuri upande wa juu. Nakuandikia kwa sababu simu ya Mtowisa naisikia nusu, nusu nyingine inachukuliwa na upepo, na haya ninayotaka kukuambia sitaki kuyapaza.

Mwanangu, nimeitwa mwizi wa chakula ndani ya nyumba niliyoijenga na marehemu Kalisti.

Unajua sukari yangu huu ni mwaka wa sita. Vidonge nameza. Ugali nimepunguza mpaka ngumi moja mchana, na jioni siugusi kabisa. Chai nakunywa kavu. Lakini kila nikipimwa asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, kipimo kinasema kumi na tatu, siku nyingine kumi na nne. Mwezi uliopita huko kliniki, muuguzi mmoja aliniangalia kwa juu ya miwani, akasema mbele ya foleni nzima, "Mama, sukari haitoki hewani. Usiku unakula." Watu wakacheka. Mimi, miaka sitini na mitatu, katibu wa jumuiya!

Nestory akazipata habari hizo huko Mpanda. Unamjua mwanangu mkubwa, akishaamua ameamua. Ameagiza kabati la chakula lifungwe, ufunguo ashike Rozina, mke wa mdogo wake Flavian, ninayeishi naye hapa. Na amesema mwezi wa sita, tukishavuna, anakuja kunichukua nikaishi kwake anisimamie, na shamba likodishwe. Nimemuuliza, "Na kaburi la baba yako litapaliliwa na nani?" Akasema, "Mama, nataka uwe hai."

Wewe ni tabibu. Tena uliishi kwangu miaka minne yote ya sekondari. Unajua kama mimi ni mtu wa kuamka kufunua masufuria watu wakiwa wamelala. Niambie basi: sukari nisiyoila inatoka wapi?

Barua hii anakuletea Flavian mwenyewe na lori la baba yako. Akirudi mpe jibu.

Mimi mama yako,
Cornelia


Mtowisa
22 Januari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Flavian amefika salama, ameniletea barua yako pamoja na maharage. Nimeyapika jana, nikakumbuka ile sufuria ndogo uliyoninunulia nilipokuja kwako kidato cha kwanza, ukaiandika jina langu kwa msumari ili pasiwe na mtu wa kuipikia nyama ambayo sisi hatuli. Nyumba nzima ya Wakatoliki, na mtoto mmoja wa Majengo ana sufuria yake. Nilipokuwa chuoni niliwahadithia wenzangu, hawakuamini.

Kuhusu sukari. Mama, mimi najua huli makusudi. Lakini huku kituoni kila siku naona wagonjwa wanaokula bila kuhesabu. Andazi moja kwenye kikao cha jumuiya, karanga kiganjani, uji wa mtoto uliobaki kwenye kikombe. Mtu anaonja tu, na anasahau. Naomba uandike kila kinachoingia mdomoni, hata kiwe kidogo namna gani, halafu unitumie. Labda kuna kitu tunakipita.

Usimkasirikie Nestory. Anaogopa kukupoteza.

Wako,
Munira


Mollo
4 Februari 2024

Munira,

Barua nimepata. Umetaka orodha, hii hapa ya jana.

Asubuhi: chai kavu, mayai mawili ya kukaanga. Mchana: ugali ngumi moja, maharage ya kuungwa. Jioni: ile nyama ambayo kwenu hamli, imekaangwa, na parachichi nusu. Nyama haina sukari, mafuta hayana sukari, nimeuliza. Hakuna andazi. Hakuna uji wa mtoto. Nyumba hii haina hata mtoto bado.

Nilidhani nakuandikia wewe. Kumbe nimemwandikia yule muuguzi mwenye miwani.

Usijisumbue kujibu.

Cornelia


Mtowisa
19 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Umesema nisijibu, na wiki mbili nimejaribu kukutii. Imenishinda.

Unakumbuka kidato cha pili, saa ya mwalimu ilipopotea, nikaitwa ofisini kwa sababu mimi ndiye niliyefagia chumba? Ulitembea kwa miguu kutoka nyumbani mpaka shuleni, kanga yako ina matope, ukasimama mlangoni ukasema, "Mtoto huyu akisema hajachukua, hajachukua." Hukuniuliza swali hata moja njiani tuliporudi. Saa ilipoonekana siku ya pili ndani ya koti la mwalimu mwenyewe, hukwenda kuwasuta. Ulinikaangia tu yai.

Wewe uliniamini bila ushahidi. Mimi nimekudai orodha. Nisamehe, mama.

Sasa nakuamini, naanzia hapo. Kama huli, na sukari inapanda, basi kuna mahali ndani ya mwili wako inakotengenezwa, na huko ndiko ninakotaka kuchungulia. Nimempa Flavian kipimo na kopo la vijiti vyake. Kwa siku kumi, jipime mara mbili: unapokwenda kulala, na alfajiri kabla hujainuka kitandani. Tafadhali Rozina alale chumbani mwako siku hizo, na yeye ndiye aandike namba. Si kwa sababu nakushuku. Ni kwa sababu nataka Nestory akose la kusema.

Binti yako,
Munira


Mollo
3 Machi 2024

Wifi Munira,

Salamu sana. Ni mimi Rozina. Mama hajui kama nimeongeza karatasi hii, nimeikunja ndani ya ile ya namba. Mwandiko wangu utauvumilia, niliishia darasa la saba.

Wifi, nimelala chumba kimoja na mama siku kumi, ufunguo wa kabati shingoni mwangu. Mama hajala kitu. Analala na sukari ya nane au tisa, anaamka na kumi, kumi na moja. Siku tatu aliamka na kumi na tatu na zaidi. Kumi na nne nukta mbili niliiona kwa macho yangu, na jioni ilikuwa nane nukta sita. Katikati hapo maji tu. Nimeona haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikitikisa ule ufunguo mbele yake kila jioni kama askari magereza.

Lakini kuna mambo mawili mama hakukuambia sawasawa.

La kwanza ni mafuta. Tangu alipoambiwa apunguze ugali, ameuhamishia ugali wote kwenye kikaango. Mayai yanaogelea, nyama inaogelea, hata mboga ya maboga inaogelea. Nikisema, ananijibu kwamba sukari haikai kwenye mafuta.

La pili ndilo zito. Zile siku tatu ni siku ambazo lori lilikuwa huko kwenu bondeni. Mama hasinzii. Anakaa kitandani kajifunika, anahesabu saa za njiani: sasa wamefika Muze, sasa wanapandisha. Unakumbuka Machi mwaka jana lori liliposerereka mteremkoni kwenye tope, na wewe ndiye uliyempokea Flavian na kumfunga bega. Flavian alipona akarudi kazini. Mama bado yuko kule mteremkoni, wifi. Kila wiki.

Ameniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa. Anasema baba yako ndiye aliyempa Flavian usukani wakati hakuna aliyemtaka, na tukilalamika tutaonekana watu wasio na shukrani. Nimevunja kiapo. Utaona la kufanya.

Wifi yako,
Rozina


Mtowisa
17 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefunga, ni wiki ya kwanza ya Ramadhani, na najua wewe uko katika Kwaresima. Kwa hiyo sote wawili tuna tumbo jepesi, na ni wakati mzuri wa kuzungumza juu ya ini.

Kwanza kabisa: hukuiba. Namba zimesema, na aliyeziandika ni mwenye ufunguo. Naomba umsomee Rozina sentensi hiyo kwa sauti.

Sasa nikueleze. Mimi leo sijala tangu kabla ya alfajiri, na bado nimetibu watu thelathini bila kuanguka. Nani amenilisha? Ini. Ini huweka akiba ya sukari tunapokula, na tusipokula huitoa kidogo kidogo ili ubongo usizimike. Akiba ikipungua, linapika sukari mpya kutokana na vitu vingine vya mwilini. Hufanya hivyo kwa kila mtu, kila usiku. Kinacholiambia "basi, inatosha" ni insulini. Kwako wewe insulini bado inasema, ila ini limekuwa zito kusikia.

Kwa nini halisikii? Sababu ya kwanza ni mafuta. Ni kweli kwamba mafuta hayana sukari, aliyekuambia hakukudanganya. Lakini yakizidi, mengine hujaza ini lenyewe, na ini lililojaa mafuta halisikii insulini vizuri. Tena mafuta yanayofika huko kupitia damu ndiyo yanayolipatia ini nguvu ya kupika, kama kuni. Kwa hiyo ulipunguza ugali, jambo jema, halafu ukaongeza kuni jikoni.

Sababu ya pili ni hofu. Mwili ukiogopa hutoa homoni zake, adrenalini na kotisoli. Kazi yake ni kukuandaa ukimbie simba. Zinaliagiza ini, "Toa sukari, miguu inaihitaji!" Zinafungua pia mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, nayo yanamiminika kwenye ini yakaongeze moto. Karibu na alfajiri kotisoli hupanda kidogo kwa kila mtu, ndiyo maana hata siku zako njema unaamka umeongezeka. Lakini mtu aliyekesha na hofu, huyo homoni zimemfanyia kazi usiku kucha. Simba hakuja, miguu haikukimbia, na sukari imebaki kwenye damu mpaka kipimo kinapoikuta.

Mama, nimezitazama zile siku tatu mbaya. Tarehe 22, tarehe 26, tarehe 29. Nikafungua daftari langu la kituo, kwa sababu kila Flavian anapokuja hupita kunisalimu, na huwa naandika tarehe aliponiletea dawa kutoka mjini. Ni tarehe zizo hizo.

Sina haja ya kukuuliza nini kinakunyima usingizi. Nakuuliza kwa nini hukuniambia. Kila barua yako iliyonifikia hapa, uliilipia kwa usiku mzima, na mimi nilikuwa nazisoma nikicheka.

Nimeandika karatasi nyingine kwa daktari wa kliniki yako, yenye namba zote kumi. Nenda nayo. Usiongeze wala kupunguza kidonge mpaka azione.

Binti yako,
Munira


Mollo
2 Aprili 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Kristo amefufuka, na mimi pia kidogo.

Nilimsomea Rozina ile sentensi. Nilipomaliza alivua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kabati, akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya jiko analia. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe uliagizwa." Akasema, "Niliagizwa kufunga, mama. Kutikisa sikuagizwa." Tulicheka sote wawili mpaka mbwa akaja kutazama.

Nilidhani ini ni kitu cha kuchoma tu. Kumbe nina mtu ndani anayenipikia, na kosa lake ni kunionea huruma kupita kiasi. Sikuweza kumkasirikia. Nimempunguzia kuni: mboga tunachemsha, yai nachemsha, ile nyama ni Jumapili tu na kipande kidogo.

Sasa hilo jingine. Sikukuambia kwa sababu ningeanzaje? Flavian alipofeli na kukaa vijiweni, watu wote walimwita mzembe. Baba yako akaja, akasema, "Nipe huyu nimfundishe lori." Leo ana kazi, ana mke, ana heshima. Mkono uliomwinua mwanangu ndio huo unaomtuma mteremkoni. Nikisema naogopa, nitakuwa nimeuma mkono huo. Basi nilikuwa nikishukuru mchana na kuogopa usiku.

Siku ile ya ajali walinipigia simu wakasema, "Lori la Mwinjuma limeanguka," na simu ikakatika. Nilikaa saa saba bila kujua kama nina mtoto au sina. Munira, saa zile saba hazijaisha. Zinarudi kila lori likiondoka.

Nimekuambia, na kifua kimepungua uzito. Hiyo inatosha. Nakuomba usimwambie baba yako. Nakuomba sana.

Mama yako,
Cornelia


Mtowisa
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Idi nilikwenda nyumbani Majengo. Mama yangu mzazi, Mama Hamisa, anakusalimu, na nimekutumia kaimati, lakini ni za Rozina, wewe onja moja tu.

Nina kosa la kukiri. Tulikuwa tunakula mchana, baba akaniuliza, "Cornelia hajambo? Sukari yake imeshuka?" Nilitaka kusema hajambo. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia yote: zile namba, zile tarehe, zile saa saba.

Aliweka kijiko chini, akanawa mikono, akatoka akaenda kukaa kwenye mlango wa duka lake, ambalo siku hiyo lilikuwa limefungwa. Mama akanikonyeza nimwache. Mpaka narudi Mtowisa kesho yake hakuwa amesema lolote juu ya jambo hilo, na mimi sijui kama nimeharibu.

Umeniomba sana na nimekuvunjia. Siwezi kujitetea, isipokuwa kwamba mimi ni tabibu, na nimeona dawa yako iko wapi, na haiko dukani. Ukinikasirikia nitaelewa.

Munira


Mollo
5 Mei 2024

Mwanangu,

Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano baba yako alikuja.

Alikuja peke yake, bila mzigo wowote, kavaa kofia yake ya Ijumaa. Flavian alikuwa nyumbani, anatengeneza jembe. Nilimkaribisha ndani, nikaweka maji ya chai. Akasema, "Shemeji, mimi nimechelewa mwaka mmoja na zaidi."

Nikasema, "Umechelewa wapi, hata chai haijachemka."

"Sikuja kwa chai. Nimekuja kusema pole. Mtoto wako alianguka na gari langu, nikatuma watu, nikatuma dawa, nikatuma mchele. Mimi mwenyewe sikuja. Nilikuwa nakuogopa."

Nikamwambia, "Unaniogopa mimi? Mimi ndiye nilikuwa nakuogopa wewe."

Akatikisa kichwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Alisema asubuhi ya ajali Flavian alimpigia simu kutoka Mtowisa akamwambia mvua ni kubwa, mteremko utakuwa umeoza, bora wasubiri. Na yeye akamjibu, "Panda tu, mpunga utaniotea kwenye magunia." Akasema hajawahi kumwambia mtu, hata Mama Hamisa. Akasema Flavian pia hakusema, na kila anapomwona kijana ananyamaza, yeye anazidi kuona aibu.

Munira, sitakuficha. Damu ilinipanda. Nilimtazama Flavian, naye anatazama jembe. Chai ikachemka ikamwagika motoni na hakuna aliyeinuka. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mwanamke wa jumuiya hayasemi. Lakini nilimwona mzee wa watu, mikono yake imeshika magoti, nikajua kwamba na yeye ana saa zake saba.

Nikasema, "Shemeji, hilo neno ulilosema lilikuwa baya."

Akasema, "Lilikuwa baya."

"Usiliseme tena."

"Sitalisema. Na tangu leo, kama mvua imenyesha bondeni, au jua limezama, lori halipandi wala halishuki. Na anayeamua si mimi. Dereva ndiye anayeamua." Akamgeukia Flavian. "Umesikia, mwanangu? Ukisema hapana, ni hapana. Sitauliza mara ya pili."

Flavian akasema, "Nimesikia, mzee." Halafu akaweka jembe chini akatoka, na kwa dirisha nikamwona amesimama katikati ya mahindi, anajifuta uso kwa mkono wa shati. Kumbe na yeye alikuwa akiogopa. Mwaka mzima, tulikuwa watu watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja anajifanya amelala.

Tulikunywa chai. Baba yako alitia sukari vijiko vitatu, nikamwambia na yeye akapime.

Ulinivunjia ombi langu. Nashukuru ulinivunjia. Usizoee.

Mama yako,
Cornelia


Mtowisa
20 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, wagonjwa wananitazama. Baba hajanieleza neno, amenipigia tu akasema, "Nimefika Mollo," akakata. Namjua. Hiyo kwake ni hotuba.

Hata hivyo wacha niwe tabibu kidogo. Furaha peke yake haitibu sukari, na sitaki mtu aje kukudanganya kwamba umepona. Ini lako litahitaji vidonge, mwendo wa miguu na kikaango kidogo, siku zote. Daktari wako amenipigia. Amesema namba zako zimemfundisha, na kidonge alichokuongezea jioni ndicho kinacholizuia ini kumwaga sukari, kwa hiyo usikiruke hata siku moja. Usitarajie maajabu kwa wiki moja pia. Nataka tuone inashuka polepole.

Nestory amenitumia ujumbe. Anauliza kama ni kweli mtu anaweza kupandisha sukari bila kula. Nimemjibu, "Njoo ulale Mollo siku tatu, upime mwenyewe." Amesema atakuja.

Munira


Mollo
9 Juni 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Baridi imeanza kweli, upepo unakata masikio, na mahindi tumeyavuna yote. Ulezi umekuwa mwingi kuliko miaka mitatu iliyopita.

Kliniki nilikwenda Jumanne. Yule muuguzi wa miwani aliniona kwenye foleni, akainuka akanipa kiti chake, akasema, "Mama, nilikukosea." Alisema kwa sauti, watu wakasikia. Nikakikalia. Miguu ilikuwa inaniuma, na pia nilitaka kukikalia.

Nestory alikuja Alhamisi. Alikuja na begi kubwa tupu la kuwekea nguo zangu. Nikamwonyesha chumba, nikamwonyesha kipimo, nikamwambia, "Karibu, askari." Jioni ya kwanza alinipima mwenyewe: saba nukta nane. Asubuhi: saba nukta nne. Alikitazama kile kipimo, akakipuliza, akapima tena. Nikamwambia, "Vijiti hivyo si vya kuchezea." Hakuondoka na mimi. Begi amelijaza mahindi na maharage, na amepalilia kaburi la baba yake kabla ya kupanda basi. Alipokuwa anapalilia alisema bila kunitazama, "Mama, nilikufungia chakula." Nikasema, "Ulitaka niwe hai. Ndiyo, niko hai."

Nimeshukuru watu wengi mwezi huu. Nimemshukuru Mungu kanisani, na baba yako kwa kuja, na Rozina kwa kuvunja kiapo. Najua alikuandikia, karatasi ile ya namba ilikuwa nene mno. Hata ini langu nimelishukuru. Lilifikiri kuna simba, likanilisha kwa nguvu zake zote. Wewe nimekuacha mwisho kwa sababu sijui nianzie wapi. Ulikuja kwangu na miaka kumi na minne, huwezi hata kufunga kuni. Sikukulea ili uje kunilea. Ila nikiwa na siku nyingine za kuishi, najua nani amenipa.

Sasa nikuambie ya leo, halafu nifunge.

Jana lori lilikwenda bondeni. Flavian alisema watalala huko huko Mtowisa, apande Jumapili mchana. Nilikula, nikameza kidonge, nikajifunika blanketi mbili. Nilisema sala, na katikati ya sala sikumbuki tena. Kilichoniamsha ni mlango. Rozina anagonga kwa ngumi zote mbili, analia, "Mama! Mama Cornelia! Mama!" Nikaruka kitandani, nikafungua. Amesimama pale, bakuli limemponyoka, uji umetapakaa miguuni. Nikamuuliza, "Kuna nini? Flavian?"

Akanishika mabega, ananitazama kama mtu aliyefufuka.

"Flavian mzima, mama, amepiga simu. Ni wewe! Jua limepanda, misa ya kwanza imekwisha, na wewe hujatoka. Nilidhani umekufa!"

Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuwa nimelala."

Mama yako,
Cornelia